Dawa ya Kuchua: Soma Jina, Usinunue Moto

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kiboko)



Mmeniomba niseme juu ya dawa za kuchua, kwa sababu mnataka kutoa pesa za kikundi mnunue sanduku la huduma ya kwanza. Ni swali zuri. Mtu aliyechimba fanya juu tangu asubuhi, halafu akabeba mtungi wa lita 20, hahitaji kuelezwa maumivu ya goti ni nini. Lakini pesa hizo ni za jasho. Tuangalie zitanunua nini.

Kwanza tuondoe fikira moja. Wengi tunasema dawa isiyochoma haiponyi. Wale wauzaji wanaoingia mabasi pale Barabara ya Mombasa wanalijua jambo hilo sana! Anakupaka kidogo mkononi, unasikia moto, unatoa pesa. Moto ule, au ubaridi, unatokana na mentholi, kafuri na mafuta ambayo kwenye chupa huandikwa methyl salicylate. Unashughulisha mishipa ya fahamu, nawe unasahau maumivu kwa muda. Mwaka 2014 Cochrane, shirika linalopima utafiti wa dawa kutoka nchi nyingi, lilichunguza dawa za kuchua za aina hiyo ya salisileti. Halikupata ushahidi mzuri kwamba zinasaidia.

Basi ukifika kwa kemisti, usiangalie picha ya mtu ameshika kiuno. Geuza tyubu, tafuta jina la dawa yenyewe. Jeli iliyopimwa vizuri ni ile iliyoandikwa diclofenac. Nyingine ni ibuprofen. Hizi hazichomi. Zinapenya ngozi na kupunguza uvimbe pale pale penye shida.

Zinasaidia kiasi gani? Kwa aliyeteguka mguu au kifundo cha mkono, sana. Cochrane mwaka 2015 ilionyesha kwamba katika watu 10 waliopaka jeli nzuri ya diclofenac, karibu 8 walipata nafuu kubwa kwa muda wa kama wiki moja. Waliopakwa jeli tupu isiyo na dawa walikuwa 2. Kwa magoti ya wazee yaliyolika tofauti ni ndogo: 6 katika 10, na jeli tupu 5. Kwa hiyo nyanya asiambiwe goti litarudi kuwa la msichana. Lakini hata hivyo ni afadhali kuliko vile vidonge vya maumivu anavyomeza kila siku bila kuuliza mtu, maana vidonge huchoma tumbo na kuharibu figo. Dawa inayoingia kwenye damu kutoka kwa jeli ni kidogo sana, kama sehemu 6 katika 100 ya ile ya kidonge. Usitumie vyote viwili pamoja mpaka daktari aseme.

Na mgongo? Hapo sitawadanganya. Jeli haijaonyesha kazi kubwa kwa mgongo. Pesa ya mgongo ni heri iende kwa wilibaro, au kwa punda wa kubeba maji.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi huibiwa bila kuibiwa. Jeli ya kawaida ya asilimia 1 hupakwa gramu 2 hadi 4 kila mara, mara 3 au 4 kwa siku. Tyubu ndogo ya gramu 20, ukipaka gramu 2 mara 3, ni siku 3 tu imekwisha. Mtu anapaka tone kama la dawa ya macho, halafu anasema dawa ni bure. Linganisheni bei ya tyubu ndogo na kubwa kwa gramu, si kwa tyubu. Ipakeni kwenye ngozi isiyo na kidonda, msifunge kwa nailoni, na mnawe mikono kabla ya kugusa macho. Wiki mbili zikipita bila nafuu, acheni.

Mwenye mimba asipake bila kuuliza kliniki. Pia yule ambaye aspirini humletea pumu au vipele, au mwenye vidonda vya tumbo, aulize kwanza.

Nalisema hili kwa sauti: ile mafuta ya methyl salicylate ikiwa kali, kijiko kimoja cha chai kikinywewa na mtoto mdogo kinaweza kumuua. Kafuri nayo humletea degedege. Hata kupaka kupita kiasi kuna hatari. Mwaka 2007 huko New York, Marekani, msichana mkimbiaji wa miaka 17 alikufa kwa sumu ya dawa hizo za misuli. Sanduku liwe na kufuli.

Kuna maumivu ambayo si ya kuchua hata kidogo. Kiungo kimoja kimevimba, ni cha moto, na mtu ana homa: hospitali siku hiyo hiyo. Mgongo unauma, na anakonda na kutoka jasho usiku: apimwe kifua kikuu, maana hukaa hata kwenye uti wa mgongo. Viungo vinauma, homa inakuja na kwenda, na nyumbani wanakunywa maziwa mabichi ya mbuzi: apimwe brusela. Miguu imekufa ganzi au mkojo haushikiki: msingoje kesho, tafuteni gari mfike Makindu.

Haya, maswali. Yule mama wa nyuma aliinua mkono kitambo.