Boliti Iliyoshikwa na Kutu



Gari la hapa kwetu halina kazi nyepesi. Alfajiri huchukua maziwa, wakati wa mavuno huchukua kahawa, na njia zake ni za kupanda na kushuka. Injini hupata moto sana, kisha hulala katika mvua na baridi. Si ajabu, basi, boliti za bomba la moshi zikaikataa spana. Na boliti ya bei ndogo ikikatikia ndani, mwenye gari huenda akalazimika kununua hedi nzima, na maziwa hayamngoji.

Hedi za injini nyingi za siku hizi ni za alumini, na boliti ni ya chuma. Madini haya yakigusana penye unyevu, alumini huliwa, na unga mweupe hujaa katika meno na kuyashika kama saruji. Anayevuta kwa nguvu za mabega hauondoi unga huo. Aipotoayo ni shingo ya boliti. Mimi sipendi kabisa kuona bomba refu likivikwa juu ya spana kwa boliti nyembamba ya milimita 8.

Pigeni brashi ya waya, tieni mafuta mepesi ya kupenya kutu, na muache usiku kucha. Asubuhi gongeni kichwa cha boliti kwa nyundo, mapigo madogo mengi, ili mtikiso uyafungulie mafuta njia. Tumieni soketi ya pembe 6, kwani ile ya pembe 12 hula kichwa upesi. Kazeni kidogo kwanza, ndipo mlegeze. Ikisogea robo ya mzunguko, irudisheni, ongezeni mafuta, muiendeleze tena.

Ikikataa bado, ndipo moto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo pasheni hedi kuizunguka boliti, tundu lipanuke. Lakini jihadharini: chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka, bali alumini haitoi onyo hilo, nayo huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi. Futeni kwanza mafuta yote, mkaondoe petroli. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini isikaribie moto hata kidogo, maana hutoa gesi iuayo.

Ikikatika na kipande kikabaki nje, fungueni betri, mchomelee nati juu yake. Joto la kuchomelea husaidia kuilegeza. Ikikatika ndani, pigeni alama katikati hasa, mtoboe kwa keekee ndogo kwanza, macho yakiwa yamefunikwa kwa miwani. Chuma cha kung'olea kikivunjika humo, keekee ya kawaida haitakiweza, na hapo ni heri gari livutwe hadi karakana ya Nyeri au Karatina.

Wakati wa kurudisha, safisheni tundu, tieni boliti mpya na grisi ya shaba kidogo. Msikaze kama mlivyokaza ile kavu, maana yenye grisi huvuta zaidi kwa nguvu ile ile ya mkono.