Penalti Iliyopigwa Kinyume cha Sheria



Penalti ikipigwa vibaya, ndipo ugomvi uanzapo uwanjani. Kwa hiyo, kabla ya kupiga filimbi, hakikisheni kwamba mpigaji anajulikana, na golikipa yu juu ya mstari wake.

Golikipa akitoka mstarini mapema akauzuia mpira, penalti na irudiwe. Mpigaji akimaliza kukimbia, kisha akamhadaa golikipa kwa kujifanya anapiga, bao hilo si bao: apewe kadi ya manjano, na wapinzani wapate frikiki isiyofungwa goli moja kwa moja.

Liko jambo gumu zaidi. Tarehe 12 Machi 2025, mjini Madrid, Julián Álvarez wa Atlético aliteleza, mpira ukagusa miguu yake yote miwili, ukaingia. Bao likakataliwa, na Real Madrid wakashinda kwa penalti. Mwezi wa Juni mwaka huo, watunga sheria walieleza kwamba akiugusa mara mbili kwa bahati mbaya na mpira ukaingia, penalti irudiwe. Akikusudia, bao halikubaliwi.

Basi, mabwana, isomeni sheria kila mwaka, maana hubadilika. Kelele za watazamaji zisiwatishe. Haki ya timu zote mbili imo mikononi mwenu.