Amani ya nyumba na kaye ya matumizi

 

Katika maongezi yaliyopita tuliongea juu ya mashamba, juu ya mipaka, juu ya makabila. Leo tunaingia ndani ya nyumba, tunafunga mlango, tunaongea juu ya falanga. Labda utauliza: pesa ya mboga inahusiana namna gani na amani ya nchi? Nivumilie kidogo, nikuletee habari ya nyumba moja ya hapa Kivu. Sitataja jina wala mtaa.

Bwana anaendesha pikipiki ya mtu mwingine. Kila jioni anatoa kwanza fungu la mwenye pikipiki, kinachobaki ndicho chake. Bibi anauza sambaza na mboga sokoni. Wana watoto watano. Siku moja bwana alikuwa akitafuta kitu ndani ya gunia la maharagi, mkono ukakuta franka 40,000 zilizofungwa kwa plastiki. Mawazo yake yalikimbia mbali: ni nani anayempa bibi yangu pesa hii? Alipiga kelele, akamfukuza usiku ule ule. Bibi akarudi kwa wazazi wake, na kaka zake wakaja juu. Bwana na bibi hao si wa kabila moja. Kabla ya juma kwisha, familia mbili zilizokuwa zikisaidiana kwenye kilio na kwenye arusi hazikusalimiana tena, na majirani wakaanza kusema: "Watu wa kabila lile ndivyo walivyo." Umesikia? Tulianza na gunia la maharagi, tumekwisha kufika kwenye kabila.

Sasa pesa ile ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya masomo ya mtoto wao wa sekondari. Bibi aliificha kwa sababu mara mbili bwana alikuwa amechukua pesa ya soko kwa kutengeneza pikipiki, na haikurudi. Bwana naye alikuwa na siri yake: deni la Bank Lambert. Wewe wa huku unaijua hiyo "benki". Haina jengo wala mlinzi. Ni mtu tu wa mtaani anayekukopesha 100 leo, na mwisho wa mwezi anadai 150. Usipolipa, faida nayo inazaa faida. Walimu na askari wengi wanaijua vizuri.

Tulipowakalisha pamoja na wazee, mimi niliyesoma sheria nilikuja na vifungu vyangu mkononi. Mama mmoja mzee aliniambia: "Mwanangu, weka hivyo chini kwanza." Akampa kila mmoja kipande cha karatasi, akasema: "Andika mwenzako anapata pesa ngapi kwa juma." Bwana aliandika kwamba bibi anapata 15,000. Kumbe bibi alikuwa akipata karibu 35,000. Bibi aliandika kwamba bwana anapata 120,000. Kumbe, akiisha kutoa fungu la mwenye pikipiki na mafuta, bwana alibaki na 60,000. Basi kwa miaka kumi na miwili bibi aliamini kwamba bwana anakula 60,000 kila juma na watu wa nje. Na bwana alipoona pesa asiyoijua, aliamini kwamba imetoka kwa mwanaume. Hakukuwa mwizi wala mzinzi katika nyumba ile. Kulikuwa na watu wawili ambao hawajawahi kuhesabu pamoja.

Baada ya hapo vifungu vyangu navyo vilipata nafasi. Jamii yetu ina sheria yake, Kodi ya Familia, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyobadilishwa kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Kabla ya mabadiliko hayo, mke alihitaji ruhusa ya mume kwa kutia sahihi mapatano ya kisheria. Tangu mwaka 2016 ruhusa hiyo imeondolewa. Mume angali anaitwa mkuu wa nyumba, lakini mapatano yanayowafunga wote wawili, kwa mfano mkopo mkubwa, yanawapasa kupatana kwanza. Na kila mmoja anachangia mzigo wa nyumba kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo, bwana, deni la siri linaivunja nyumba hata mbele ya sheria. Na wewe mama, pesa ya soko lako ina jina lako na heshima yake. Haikupasi kuificha kama kitu cha kuibwa. Ikiwa ndoa yenu haijaandikishwa kwa serikali, na hivyo ndivyo ilivyo kwa nyumba nyingi, fanyeni haraka kuiandikisha, maana bila hiyo sheria haina mkono mrefu wa kukulinda.

Lakini sheria haipiki. Tuje kwenye kaye.

Nunua kaye moja ya shule na biki moja. Juma la kwanza, usibadilishe kitu chochote. Andika tu. Upande mmoja kila kinachoingia, upande wa pili kila kinachotoka, hata kama ni franka 200 za karanga. Andikeni wote wawili, jioni, mkiisha kula. Kama mmoja hajui kuandika, mtoto wa shule aandike, naye atajifunza. Usimcheke mwenzako na usimhukumu. Juma hili ni la kuona. Nyumba ile niliyoisema iligundua kwamba inite za simu, sigara, kinywaji na mikate ya barabarani vilikula 9,000 kwa juma. Hakuna aliyekuwa amezitumia zote. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Na hapo ndipo walipocheka pamoja mara ya kwanza tangu ugomvi.

Juma la pili, panga matumizi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kila siku: unga, maharagi, sombe, makala, maji, sabuni. Fungu la pili ni la vitu vyenye tarehe: kodi ya nyumba na masomo. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zimetangazwa kuwa za bure, lakini kaye, nguo na sekondari vingali vinadai. Vitu vyenye tarehe havipaswi kukushtua, kwa sababu tarehe yake unaijua. Ukikata kodi ya mwezi katika vipande vinne, kila juma unaweka kipande chake. Fungu la tatu ni la vitu visivyo na tarehe: ugonjwa, kilio, mgeni, pikipiki kuharibika. Hilo ndilo fungu ambalo wengi wetu hatuliandiki, na ndilo linalotupeleka kwa Bank Lambert.

Angalia namna walivyoandika. Walihesabu kwa juma, kwa sababu pesa yao inaingia siku kwa siku na mwezi ni mrefu mno. Kinachoingia: bwana 60,000, bibi 35,000, jumla 95,000. Kinachotoka: chakula 49,000, makala 8,000, maji na sabuni 5,000, kodi ya nyumba 12,000, masomo 6,000, simu na njia 4,000. Halafu kila mmoja alipewa 1,500 zake, ambazo mwenzake hamuulizi amezifanyia nini. Usidharau kitu hicho kidogo. Mtu mzima asiyekuwa na hata franka moja ya uhuru atarudi kuficha. Jumla ya kutoka ni 87,000. Zikabaki 8,000.

Hizo 8,000 walizigawa. Deni la bwana lilikuwa limebaki 60,000. Walikwenda wote wawili, pamoja na mzee mmoja, kwa mkopeshaji, naye akakubali deni lisizae tena, alipwe 4,000 kila juma. Majuma 15, na limekwisha. Nazo 4,000 nyingine zikawa akiba. Utasema ni kidogo. Piga hesabu: 4,000 kwa juma ni 208,000 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini akiba inatolewa siku pesa inapoingia, kabla ya kula. Ukingoja kitakachobaki, hakitabaki.

Na juma baya je? Mvua imenyesha, mji umefungwa, barabara imekatwa, pikipiki haikutoka. Pataneni mapema, wakati mioyo ingali imetulia, ni kitu gani kitapunguzwa kwanza, kipi cha pili, na kipi hakiguswi. Wao waliandika: kwanza 1,500 zetu, pili inite za simu, tatu nyama, masomo hatuyagusi. Kwa hiyo siku mbaya ilipofika hawakuwa na jambo la kugombania. Walifungua kaye, wakafuata maneno yao wenyewe.

Neno moja kwa akina baba. Kaye hii isiwe kamba ya kumfungia bibi yako. Ukimwuliza kila franka na wewe zako hutaki kuziandika, hiyo siyo kaye ya amani. Na neno moja kwa wote: ikiwa kinachoingia hakitoshi hata chakula, kaye haitazalisha pesa. Itakuonyesha tu shimo lina urefu gani, ili mtafute pamoja, bila kutukanana, njia ya kuongeza kinachoingia.

Sasa, akiba hiyo utaiweka wapi? Najua woga wako, na una sababu. Wazee wanakumbuka Desemba 1979, noti za zaïre 5 na 10 zilipokatazwa na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Wengi walibaki na karatasi. Mwaka 1991, Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyoahidi kuzidisha pesa za watu kwa muda mfupi, ilianguka na pesa za wengi zikapotea. Mwaka 1993 zaïre 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaïre mpya moja. Na mwaka 2025, vita ilipofika Goma na Bukavu, benki zilifunga milango, na watu wenye pesa zao walishinda njaa kwa kukosa noti mkononi.

Katika hayo yote nakupa mashauri matatu. La kwanza: usiweke yote mahali pamoja. Kidogo nyumbani kwa dharura ya usiku, kidogo kwenye simu, kidogo katika kikundi, na kingine katika kitu kisichooza, kama mbuzi au mabati. La pili: mtu anayekuahidi kwamba pesa yako itazaa mara mbili kwa mwezi, mkimbie, hata kama anaanza kwa sala. La tatu: ingia katika kikundi cha watu unaowajua.

Huku kwetu vikundi hivyo vinaitwa MUSO na AVEC. Katika MUSO kuna sanduku la kijani na sanduku jekundu. La kijani ni la akiba na mikopo: unaweka kila mkutano, na ukihitaji unakopa kwa faida ndogo ambayo wanachama wameipanga wenyewe. Jekundu ni la kusaidiana: ugonjwa, kifo, moto. Pesa ya jekundu usiihesabu kama akiba ya kurudishiwa. Ni mkono unaompa mwenzako leo, naye atakupa kesho. Njia ya AVEC ilianza Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo zinawekwa na watu watatu mbalimbali, na pesa inahesabiwa mbele ya wote. Bibi wa habari yetu aliingia MUSO: 3,000 kijani, 1,000 jekundu, kila juma.

Na hapa nitarudia ulizo la mwanzo: amani ya nchi inaingia wapi? Angalia nani anakaa kwenye kikundi hicho. Mama wa kabila hili anashika ufunguo mmoja, wa kabila lile anashika wa pili. Siku uvumi unapopita mtaani kwamba watu fulani wanajipanga kutushambulia, hawa wana pesa yao katika sanduku moja, na kila juma wameonana uso kwa uso. Watauliza kabla ya kukimbia kushika panga. Tena angalia vijana. Anayekuja kununua kijana, kwa bunduki au kwa kurusha mawe siku ya maandamano, anajua nyumba ipi haina kitu hata cha dawa ya mtoto. Hapo anaingia na pesa kidogo na maneno matamu. Sisemi kwamba umaskini ndio unaoleta vita. Vita ina wenyewe, na wao hawana njaa. Nasema tu kwamba nyumba yenye akiba ndogo na mapatano mazuri ina nguvu ya kumwambia mtu huyo hapana, au angalau: rudi kesho, tushauriane kwanza.

Ile nyumba imefika wapi? Bibi alirudi. Deni liliisha. Mtoto yuko darasani. Wangali wanagombana, kama watu wote, lakini kaka wa bibi wanapita tena kumsalimia shemeji yao.

Kazi yako ya juma hili ni moja. Kesho nunua kaye. Jioni, mkiisha kula, mwulize mwenzako kwa upole: "Unadhani mimi napata pesa ngapi?" Halafu mwambie ukweli, naye akuambie wake. Usikasirike na jibu. Andikeni ukurasa wa kwanza, na katika maongezi yanayokuja tutaongea juu ya mirathi, jambo lingine linalovunja nyumba kwa sababu halikuandikwa.

 Amani ikae nyumbani mwenu.