Mzigo Ni Pale Ulipokaa

(Mazungumzo kwa vikundi vya wavuta mikokoteni na wapakiaji wa malori, Kibera na Kawangware)

Leo hatutasema habari ya mikopo wala ya michango ya kila juma. Twataka kuzungumza juu ya ekseli, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu na kubebeshwa mzigo wote. Wengi wetu tunakula kwa jasho la ekseli. Kuna wanaouza maji kwa mkokoteni, kuna wanaopakia viazi na mchanga kwenye malori. Basi tuijue kazi yake.

Hebu tuulizane. Watu wawili wana mikokoteni inayofanana. Kila mmoja amepakia mitungi 20 ya maji, ya lita 20 kila mmoja. Lita moja ya maji ni kilo 1, kwa hiyo kila mkokoteni una kilo 400. Mmoja anakwenda akipiga mluzi, mwenzake mgongo unataka kukatika. Uzito ni ule ule, sivyo? Tofauti ni pale mzigo ulipokaa.

Tuseme kutoka ekseli hadi pale mvutaji anaposhika ni mita 2. Katikati ya mzigo ikiwa sentimita 10 mbele ya ekseli, mikono yake hulemewa na kilo 20. Hesabu ni rahisi: 400 mara 10, gawanya kwa 200. Ikiwa sentimita 40 mbele, analemewa na kilo 80, na hapo ni kama amebeba mtu mzima huku akivuta. Na mzigo ukikaa sentimita 20 nyuma ya ekseli, mkokoteni unamwinua yeye kwa nguvu ya kilo 40. Akipanda mlima, mzigo uliorundikwa juu huegemea nyuma zaidi, na miguu yake yaweza kuacha ardhi. Akiteremka, mzigo huo huo humsukuma na kumlemea mbele. Jamani, hapo ndipo watu huvunjika miguu, na watoto wanaocheza kando ya njia huumia pamoja nao.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, mwambie aifunge ekseli nyuma kidogo ya katikati ya ubao. Ukipakia sawasawa, mikono italemewa kidogo tu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Vizito vikae chini, karibu na ekseli. Na unapouza maji njiani, usimalize mitungi ya mbele kwanza. Toa mmoja mbele na mmoja nyuma, la sivyo mikono itainuka ghafla.

Sasa tuje kwenye lori, maana sheria yake ni hii hii, ila chuma ni kikubwa zaidi. Huko Marekani trela nyingi zina ekseli zinazoteleza kwenye reli chini ya bodi, kisha hufungwa kwa pini. Dereva akizirudisha nyuma, ekseli za trela hupunguziwa uzito na zile za kichwa cha lori huongezewa. Akizisogeza mbele, mambo hugeuka. Lakini hawezi kuzirudisha nyuma apendavyo, kwa kuwa kuna vikomo vya urefu. Jimbo la California, kwa mfano, huruhusu futi 40 tu kutoka pini inayoshika trela hadi ekseli ya mwisho.

Hapa kwetu ekseli za malori mengi hazisogei. Kinachosogea ni mzigo, na anayeusogeza ni mpakiaji. Ndiyo sababu tunawaambia ninyi.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari haitazami uzito wa jumla peke yake. Hutazama pia kila ekseli. Ekseli ya mbele ya usukani mwisho wake ni tani 8. Ekseli moja yenye magurudumu 4 ni tani 10. Ekseli 2 za namna hiyo zilizokaa pamoja ni tani 18, na 3 pamoja ni tani 24. Gari zima, hata liwe na ekseli nyingi namna gani, halipiti tani 56.

Tufanye mfano. Kikundi kimekodi lori la ekseli 2 kuleta viazi Kawangware. Lori likiwa tupu lina tani 6: mbele tani 3.2, nyuma 2.8. Kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 5. Tunapakia tani 10. Jumla ni tani 16, na lori hilo linaruhusiwa 18. Tunafurahi. Lakini katikati ya mzigo ikiwa mita 1 tu mbele ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo hubeba tani 10.8. Tumevunja sheria hali jumla ni halali! Tukisogeza mzigo mbele nusu mita, ekseli ya nyuma inakuwa na tani 9.8 na ya mbele 6.2. Viazi ni vile vile, lori ni lile lile, na hatuna kosa. Nusu mita imehamisha tani nzima.

Ukifika kwenye mizani kama ya Gilgil ndipo uyajue haya, umechelewa. Saa zinapita, viazi vinachakaa, na faini huila faida ya kikundi kizima. Na mpakiaji ndiye huambiwa hakuna malipo leo.

Wengine watasema, "Serikali inatusumbua bure." Sivyo. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda upesi kuliko uzito. Ekseli ya tani 12 huharibu barabara karibu mara mbili ya ekseli ya tani 10. Mashimo hayo ndiyo yanayotuvunjia mikokoteni, na kodi ya kuyaziba ni yetu.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuhesabu magunia. Tangu kanuni za mwaka 2019, gunia la viazi halipaswi kuzidi kilo 50. Gunia lililoongezwa juu huwapunja wakulima, huumiza mgongo wa mbebaji, na huharibu hesabu ya lori. Mizani ya udanganyifu, Maandiko yameikemea tangu zamani. Pili, kabla ya kupakia, tupime kwa kamba na kuweka alama ya chaki pale katikati ya mzigo inapotakiwa kukaa. Tatu, mwenye lori akitaka kuongeza magunia kupita kiasi, tukatae kama kikundi. Mtu mmoja atafukuzwa, lakini watu ishirini watasikilizwa.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Ekseli za mikokoteni yetu zimefungwa wapi?
2. Nani kati yetu atajifunza hesabu hii na kuwafundisha wengine?
3. Tutamsaidiaje mwenzetu anayekosa kazi kwa kukataa kuzidisha mzigo?

Mungu awabariki na awarudishe nyumbani salama.