MNYAMAKAZI NI YUPI MBELE YA SHERIA?

(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimeombwa nizungumzie wanyama wanaomtumikia binadamu na namna sheria inavyowatazama. Huko Marekani, kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2011, mnyama wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu ni mbwa aliyefunzwa kazi hiyo. Farasi mdogo naye amewekewa kifungu chake. Kwetu sisi neno "mnyamakazi" hufuata jembe na mzigo, na mfano ulio wazi nauchukua wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Kule maksai hufungwa nira wakavuta plau. Punda hubeba maji, kuni na magunia ya mahindi katika miinuko ambayo gari haliifiki. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, inayotumika Tanzania Bara, inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia. Basi mwenye kumtwisha mzigo punda aliyechubuka mgongo, tena kwa shogi lile lile lililomchubua, asijitetee kwamba punda ni mali yake.

Lakini kidonda hutibika. Lililo zito ni ngozi. Punda jike huchukua mimba takriban miezi 12, naye kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Biashara ya ngozi zinazochemshwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao ilidai punda wengi kwa kasi ambayo uzazi huo hauwezi kuifidia. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaridhia kuuzuia uchinjaji kwa ajili ya ngozi barani kote. Maana punda akiibwa usiku, asubuhi ndoo inarudi kichwani kwa mama na binti yake, na kengele ya shule haimngoji binti huyo.

Nakumbusha kuwa mifugo si jambo la Muungano. Ng'ombe wetu wa gari na punda wa hapa Visiwani wamo chini ya sheria za Zanzibar. Mwenye shaka na amwone ofisa mifugo wa Wilaya yake kabla hajauza wala kununua.