MAZUNGUMZO YA KATIBU WA TAWI: KARATA ZA KISOMO ZICHAPWE UPYA



Haya niliyasema Jumamosi pale ghalani. Wengi mlikuwa shambani, basi nayaandika hapa ukutani kila mmoja ayasome mwenyewe, na asiyeweza bado amwombe jirani.

Karata zetu mnazijua. Si zile za kopa, uru, shupaza na pau wanazocheza vijana chini ya mbuyu. Hizi ni za silabi: hii ina "ka", hii "ra", hii "nga", na anayetangulia kupanga neno ndiye anayekula. Wenzetu wa Mwanza, mradi wa kisomo ulipoanza kule mwaka 1968, walisomeshwa kwa vitabu vya pamba, ndizi na uvuvi, yaani kazi ya msomaji mwenyewe. Sisi tumechukua mtama, uwele, karanga, alizeti na zabibu.

Sasa niseme ukweli. Karata 48 za kwanza ziliharibika, na kosa si la mpiga chapa. Ni langu mimi katibu. Michoro niliipiga picha kwa simu, tena jioni, nikaituma kwa WhatsApp kama picha za harusi. Zikarudi zina ukungu, na nyingine zimekatwa herufi. Mama mmoja wa darasa la jioni alipanga "karanga" barabara kabisa, lakini ile "nga" ilikuwa imekatwa "a" yake. Akatazama, akasita, akaniuliza, "Katibu, nimekosea wapi?" Hakukosea popote. Mtu mzima aliyetia dole gumba kwenye karatasi za ghala miaka yote, leo anajilaumu kwa kosa langu! Wiki ya pili hakuja darasani.

Basi nikapanda basi mpaka Dodoma mjini, nikakaa na wapiga chapa tangu asubuhi, nikauliza bila haya.

Karata ya kawaida ni milimita 63 kwa 88. Lakini hazikatwi moja moja. Karatasi hupangwa rundo, na kisu kikishuka huweza kusogea kidogo. Kwa hiyo rangi ya chini lazima ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, picha nzima iwe 69 kwa 94. Hiyo ya pembeni ni ya kutupwa, kama yale mahindi ya mpakani tunayojua kabisa yataliwa na ng'ombe. Herufi nazo zikae ndani ya mstari, milimita 3 au zaidi. Hapo ndipo "a" yetu ilipopotelea.

Halafu kuna nukta. Picha ya kuchapwa inataka nukta 300 katika kila inchi, kwa hiyo karata yetu ni nukta 815 kwa 1110. WhatsApp hupunguza picha ukiituma kama picha, itumwe kama faili. Na picha ndogo ukiikuza hupati kitu: maji unaongeza, unga ni uleule.

Rangi nazo. Simu huonyesha kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine inatumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi. Kijani kinachong'aa kwenye simu hutoka kimefifia. Herufi zetu ziwe nyeusi, kwa wino mweusi peke yake, maana wino nne zikipishana kidogo tu herufi huota kivuli.

Migongo ifanane yote, bila fremu nyembamba ukingoni. Kisu kikisogea, fremu huwa nene upande mmoja, na wajanja wataitambua karata kwa mgongo. Vijana wa mbuyuni mnanielewa.

Kamati inataka karata 50. Mimi sikubali. Karatasi ya A3 inachukua 16, kwa hiyo 48 ni karatasi tatu kamili. Hizo mbili zingetudai karatasi ya nne, na fedha yenyewe ni ya alizeti yenu.

Kabla ya kulipa tutachapisha karatasi moja ya majaribio, ibandikwe hapa. Yule mama nilimfuata nyumbani, nikamwomba radhi. Amekubali kuja kuisoma yeye kwanza. Akisita penye herufi yoyote, hatuchapi.