Kibali Kabla ya Plasta: Shawa ya Moto, Jiko na Mashine za Baridi Nyumbani

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye nyumba, wapangaji na mafundi wa Lugulu, Kaunti ya Bungoma



Lugulu inajengeka. Kando ya barabara ya kutoka Webuye kwenda Kitale, na kuzunguka hospitali na shule ya wasichana, nyumba za kupangisha zinaongezeka. Wauguzi, walimu na wafanyabiashara wanaotafuta nyumba huuliza kodi kwanza, kisha huuliza kama bafu lina maji moto. Swali hilo lina maana. Baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon usiku wa Juni na Julai inajulikana na kila anayeamka alfajiri kwenda kukamua au kuwahi gari. Upande wa biashara mahitaji ni kinyume chake: mwenye bucha, mwenye duka la dawa na mwuza maziwa wanataka mashine za kupoza.

Kwa hiyo kazi za kupasha joto na kupoza zimeingia katika nyumba za kawaida. Karibu kazi hizi zote zina tabia moja: zikishakamilika, sehemu muhimu haionekani. Waya umezikwa ukutani. Bomba limefunikwa na plasta. Mbao zinazobeba tanki ziko juu ya dari. Hapo ndipo kibali kinapopata maana yake. Wengi hukiona kibali kama karatasi ya kukusanyia ada. Kazi yake hasa ni kuhakikisha kwamba jicho la pili limeangalia kabla ukuta haujafungwa.

Hatari iliyofichwa ukutani

Mfano wa kwanza ni shawa ya stima, ile ya kupasha maji papo hapo. Nyingi zinazouzwa madukani hutumia kati ya wati 3,500 na 5,500. Soketi ya kawaida ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa stima ya volti 240, hiyo ni takriban wati 3,100 tu. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23. Fundi akichukua stima ya shawa kutoka kwenye waya wa soketi za sebuleni, waya huo utapata moto kila mtu anapooga. Hautaungua siku ya kwanza. Ganda lake litalainika polepole, na huenda moto ukaanza ndani ya dari mwaka wa pili, usiku, watu wakiwa wamelala.

Shawa kama hiyo inahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi, wenye unene unaolingana na mzigo. Inahitaji pia breka yake, swichi inayokata nyaya zote mbili, na waya wa ardhi ulioungwa kwenye fimbo iliyopigwa chini hadi udongo wenye unyevu. Breka maalumu inayohisi stima inapovuja na kuikata mara moja huongezwa kwa usalama wa anayeoga. Waya wa ardhi ukikosekana, stima ikivuja ndani ya shawa hutafuta njia nyingine ya kwenda chini. Njia iliyo karibu ni mtu aliyesimama peku kwenye sakafu iliyolowa.

Mfano wa pili ni jiko la makaa. Watu huliingiza chumbani wakati wa baridi na kufunga madirisha. Makaa yanayowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, kisha husinzia na huenda asiamke. Moshi wa kila siku nao huua taratibu: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa kutokana na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Jiko lililojengwa pamoja na dohani, yaani bomba la kutolea moshi, hupunguza hatari hiyo. Lakini dohani ikipitishwa kwenye paa karibu mno na mbao, huleta hatari nyingine ya moto.

Mfano wa tatu ni hita ya maji ya jua. Ni mtambo mzuri unaookoa gharama ya stima. Hata hivyo, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tanki la lita 200 likijaa ni kilo 200 za maji, kabla ya kuhesabu tanki lenyewe na vyuma vyake. Paa la mabati lililopigwa kwa mbao nyepesi halikupimwa kwa mzigo huo.

Katika mifano yote mitatu, anayeumia mara nyingi si aliyechagua fundi wa bei rahisi. Mwenye ploti anaweza kuwa analala Bungoma mjini au Nairobi. Anayeoga, anayepika na anayelala chini ya paa hilo ni mpangaji na watoto wake, na hawana njia ya kujua ukuta umefunika nini.

Milango miwili tofauti

Wakazi wengi huchanganya mambo mawili: leseni ya fundi na kibali cha ujenzi.

Leseni ya fundi wa stima hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Fundi hupewa daraja kulingana na ukubwa wa kazi anayoruhusiwa kufanya. Wanaofunga mitambo ya stima ya jua wana leseni zao pia. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, na kudai cheti cha kukamilisha kazi baada ya waya kupimwa. Fundi mwema hachukizwi na ombi hilo.

Kibali cha ujenzi hutolewa na serikali ya kaunti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka mipango ya maendeleo, nyumba na huduma za zimamoto mikononi mwa kaunti. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema hakuna mtu anayeruhusiwa kuanza ujenzi ndani ya kaunti bila idhini. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 badala ya zile za 1968, ndizo zinazoeleza jengo salama liweje.

Kazi ipi inahitaji nini

Kubadilisha shawa iliyoharibika kwa nyingine ya nguvu ileile, mahali palepale, ni kazi ya fundi mwenye leseni. Hakuna ramani mpya inayohitajika.

Kuongeza bafu jipya lenye maji moto, kujenga jiko la nje lenye dohani, au kuinua paa ili libebe tanki ni ujenzi. Hapo kibali kinahitajika, na mchoro uonyeshe mzigo utakaobebwa na mahali bomba litakapopita.

Kugeuza chumba cha nyumba ya kuishi kuwa chumba cha baridi cha kuhifadhia nyama au maziwa ni kubadilisha matumizi ya jengo. Hilo nalo linahitaji idhini hata kama hakuna tofali lililoongezwa.

Kiyoyozi kidogo cha dukani kinahitaji zaidi fundi anayefaa, kwa stima na kwa gesi iliyomo ndani. Gesi nyingi za kupoza huharibu tabaka la ozoni au huongeza joto la dunia, na Kenya imekuwa na kanuni za kudhibiti zile zinazoharibu ozoni tangu 2007. Fundi anayeifungulia hewani gesi kuukuu anakosea. Mnunuzi naye atazame lebo ya nyota kwenye mashine, kwani nyota nyingi zina maana ya stima kidogo.

Anayesitasita kama kazi yake inaangukia wapi aulize ofisi ya mipango kabla ya kununua saruji. Swali halina ada.

Jinsi ya kuomba

Mwombaji hujaza fomu na kuambatanisha michoro iliyotayarishwa na mtaalamu aliyesajiliwa, nakala ya hati ya umiliki wa shamba au ploti, na stakabadhi ya kodi ya ardhi pale inapotozwa. Jengo la ghorofa au lenye mzigo mkubwa juu huhitaji pia michoro ya mhandisi. Ada huwekwa na Sheria ya Fedha ya Kaunti na hulipwa kwa njia rasmi pekee, na mlipaji apewe risiti. Pesa inayoombwa mkononi bila risiti si ada.

Jambo dogo lenye faida kubwa ni hili: mwombaji abaki na nakala ya maombi yake iliyopigwa muhuri wa tarehe. Sheria inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, idhini huhesabiwa kuwa imetolewa. Bila muhuri wa tarehe, hana namna ya kuonyesha siku hizo zilianza lini. Kimya cha ofisi, hata hivyo, hakipimi waya wala hakiimarishi paa. Ukaguzi wakati wa ujenzi bado una kazi yake.

Ombi likikataliwa, sababu zitolewe kwa maandishi. Asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Kaunti, na kamati ina siku 14 za kuamua. Baada ya hapo mlango wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi uko wazi.

Kibali kikishapatikana, mkaguzi aitwe kabla ya kila hatua kufunikwa: msingi kabla ya kumwaga zege, mabomba kabla ya plasta, mbao za paa kabla ya dari. Vivyo hivyo waya upimwe na fundi mwenye leseni kabla haujazikwa. Kubomoa ukuta ili kutazama ni gharama ambayo hakuna anayeitaka.

Ndugu walio Marekani na Kanada wanaufahamu mpango huu. Katika miji mingi ya huko, kubadilisha mtambo wa kupasha nyumba joto huhitaji kibali, na mkaguzi hufika kabla kazi haijafungwa. Wengi wao wanajenga hapa nyumbani kwa kutuma pesa kwa jamaa. Kwao kibali na ripoti ya ukaguzi ni ushahidi kwamba pesa ilifanya kazi iliyokusudiwa.

Kwa waliokwisha kujenga

Wapo wenye nyumba zilizojengwa zamani bila kibali, na wanaogopa kufika ofisini. Kaunti inaweza kumpa mwenye jengo notisi ya kurekebisha kasoro, na aliyepewa notisi ana siku 14 za kukata rufaa. Lakini hakuna haja ya kungoja notisi. Wiki hii mwenye ploti anaweza kumwita fundi mwenye leseni apime waya wa ardhi katika kila bafu. Mpangaji anayehisi stima ikimchoma anaposhika bomba azime swichi kuu, asioge, na amjulishe mwenye nyumba siku hiyohiyo. Na jiko la makaa litolewe nje kabla ya kulala, hata kama usiku una baridi kiasi gani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba za kupangisha methali hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa ufa ni wa mwenye ploti, na anayelala chini ya ukuta ni mtoto wa mwenzake.

Maswali kuhusu vibali yapelekwe kwa ofisi ya mipango ya ardhi katika kaunti ndogo.